Gari la umeme na safari za kando ya ziwa

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mimi nina kagari ka umeme ka mtumba, betri ya yuniti 40, na wikiendi napenda kutoka Mwanza kwenda Musoma taratibu, unapita Magu, Lamadi, ziwa liko kushoto, geti la Ndabaka la Serengeti kulia, raha tupu. Shida chaji. Lazima upige simu gesti mapema uulize kama kuna soketi karibu na pakingi, maana soketi ya kawaida inakupa kama yuniti 2.3 kwa saa, ukilaza gari masaa 10 umepata 23 tu, hata haijajaa. Juzi gesti moja nimepitisha waya dirishani, saa saba usiku Luku ikakata, dada wa mapokezi akaja na tochi, "kaka umetumalizia umeme, feni za watu zimezima". Nikanunua tokeni mwenyewe kwa simu, aibu jamani.

Wenye gesti tuwekeeni basi soketi moja nje yenye mita yake, tutalipa. Daraja la Kigongo–Busisi lishafunguliwa tangu 2025, kivuko hatusubiri tena, natamani nifike hadi Chato nikale sato, ila narudije?

Msomaji wenu, Nyegezi, Mwanza