Asante, dada wa kibanda cha uwakala

Mama mmoja wa mtaani kwetu alianza kupigiwa simu na watu wasiomjua wakidai wametapeliwa na laini yenye jina lake. Wakala mmoja, binti ambaye hataki tumtaje, ndiye aliyemtoa kwenye balaa hilo.

Kwanza alimwambia apige *106# mwenyewe, kwenye simu yake, aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania). Zikaonekana ambazo si zake. Hapo akamweleza ujanja wa wasajili wa njiani: unaambiwa “alama haijasoma, Mama, weka tena kidole”, kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine.

Akafunga kibanda mchana wa biashara (mwenye kibanda anajua hiyo ni hasara gani), akampeleka polisi kutoa taarifa, ili laini ikija kuleta kesi pawe na maandishi. Kisha wakaenda kwenye duka la huduma la kila mtandao uliohusika, kwa sababu mtandao mmoja hauwezi kufuta laini ya mwingine. Mama akaweka kidole, laini zikafutwa. Baadaye binti akamrudisha kwenye *106# kuhakikisha. PIN alimwambia abadilishe huku yeye amegeuka pembeni. Nauli ya kurudishiwa akaikataa.

Wenye wazazi, wakagulieni laini zao leo. Ujumbe wa “ile hela tuma namba hii” upelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba iliyoutuma.