Usinunue injini kwanza

Morogoro,
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia shemeji amepona na watoto wamerudi shule, ila habari ya gari imeninyima usingizi. Fundi kaona taa zimewaka kwenye dashibodi, kaona gari halina nguvu mlimani, kakwambia injini imekwisha, utafute nyingine. Nakuomba, kabla hujauza ng'ombe, nisikilize.

Yaleyale yalinikuta mwaka juzi pale Kitonga. Tulikuwa tumetoka Ruaha Mbuyuni, nimepakia magunia mawili ya vitunguu, mama amekaa nyuma. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri kabisa. Tulipoanza zile kona, nakanyaga mafuta mpaka chini lakini mshale wa mwendo unashuka tu: sitini, arobaini, ishirini na tano. Ikawaka taa ya injini, ikafuata ya VSC, ikafuata ya TRC, zile za mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Malori yananipigia honi nyuma, na mama ananiuliza kama breki zipo.

Breki zilikuwepo. Magari mengi ya rika la haya yetu, kompyuta ikiona injini ina hitilafu huzima na mfumo wa kuzuia utelezi, kwa kuwa mfumo huo huitegemea injini ipunguze nguvu matairi yakiteleza. Kwa hiyo taa tatu si lazima ziwe magonjwa matatu. Ila ikiwaka nyekundu ya oili au ya joto, simama hapohapo uzime. Na taa ya injini ikianza kupepesa, ondoa mguu: plagi hazichomi vizuri, na mafuta mabichi yanakwenda kuungulia kwenye masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi.

Kosa langu lilikuwa kuamini kodi, ile namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari, kama jibu. Mashine ya kusomea kompyuta ilisoma P0171, yaani hewa nyingi, mafuta kidogo. Gereji ya kwanza wakabadilisha sensa ya oksijeni. Nikalipa. Wiki haikuisha taa ikarudi. Tukabadilisha plagi, tukabadilisha koili, hali ni ileile. Kumbe sensa ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo!

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa hapa Msamvu. Hakufungua hata nati moja siku ile. Aliunganisha mashine, akaangalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia upungufu. Gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, 3 tu. Tukitembea na kukanyaga, inapanda mpaka 20 na zaidi. Akaniambia, mwanangu, kama hewa ingekuwa inapenya kwenye manifodi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, namba ingekuwa kubwa kwenye sailensa halafu ikashuka ukipandisha resi, yaani mizunguko ya injini, maana ule upenyo mdogo hauonekani tena injini ikivuta hewa nyingi. Yako ni kinyume. Mafuta hayafiki. Akafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, akaibana nje ya kioo cha mbele, tukapanda mlima. Presha ya mafuta kutoka baa 3 ikashuka chini ya 2. Filta iliyo ndani ya tangi ilikuwa nyeusi kama masizi, na pampu ilikuwa imechoka kwa kuihangaikia.

Sisemi lako lina ugonjwa huohuo. Ila umeniambia nguvu zimepotea ndani ya wiki moja, na injini haichakai hivyo. Huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu miezi mingi kabla. Usilipime kwa vile lilivyokuwa Dar, maana huko Iringa mko juu, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pima kwa vile lilivyokuwa hapohapo Iringa mwezi uliopita.

Jambo moja zaidi, na hili ni la haraka. Usikubali wachomoe betri ili taa zizime. Kompyuta imehifadhi hali ya wakati ule taa ilipowaka: resi, mwendo, joto la injini. Ukichomoa, mara nyingi ushahidi wote unafutika. Wala wasikutobolee masega kwa kubahatisha. Kama wanadhani yameziba, wafungue sensa ya mbele ya oksijeni, waweke geji hapo. Resi ikiwa 2,500 na geji ikavuka 3 psi, hapo nitakubali.

Mwisho kabisa ndipo wapime kompresheni, yaani nguvu ya injini kugandamiza hewa ndani ya silinda. Silinda zote nne zikiwa na namba nzuri zinazokaribiana, huyo anayekuuzia injini mwambie asante.

Jumamosi napanda basi la asubuhi, nakuja na geji na mashine yangu ndogo. Mpaka hapo gari lisifunguliwe, na ufunguo ukae mfukoni mwako.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo