Sponji ya elfu tano na sindano mia mbili

Wiki iliyopita mteja alisimama mlangoni kwangu, mbele ya watu wanne waliokuwa kwenye foleni, akasema: "Fundi, elfu tisini kwa kipande cha sponji? Mimi hiyo sponji naipata sokoni kwa elfu tano." Sikumjibu vizuri siku ile, kwa sababu maneno yalinichoma. Ni mara ya nne mwaka huu nasikia kauli ya namna hiyo, na najua wengine wanaisema pembeni bila kuniambia. Ndiyo maana nimekaa kuandika, ili anayepanga kuleta mashine yake ya kufumia masweta hapa Njombe ajue pesa yake inakwenda wapi kabla hajaitoa.

Mashine nyingi ninazopokea ni za nyumbani, zile za kitanda kimoja, yaani bamba refu lenye mifereji ya sindano, kinachobanwa juu ya meza: Brother, Silver Reed, Knitmaster, Singer. Baadhi zilibaki misheni masista walipoondoka, nyingine ndugu kaleta kutoka Uingereza, nyingine zimeshushwa Dar na mitumba. Brother waliacha kutengeneza mashine hizi mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo hata hiyo unayoiita mpya ni mashine ya miaka mingi. Chuma chake kwa kawaida bado kizima kabisa. Kinachokufa kwanza ni sponji.

Ukiangalia kitandani, juu ya sindano kuna ufito mrefu wa chuma unaopita toka mwisho mmoja hadi mwingine. Upande wake wa chini umebandikwa ukanda wa sponji. Kazi ya ukanda huo ni kuzilaza sindano zote, 200 kwa mashine ya kawaida, ili kichwa, kile kipande unachokisukuma kwa mkono juu ya kitanda, kinapopita, visigino vya sindano, yale meno yanayosimama mgongoni mwake, viingie kwenye njia zake ndani ya kichwa hicho. Sponji ikibonyea, sindano zinainuka kidogo tu, huwezi hata kuona kwa macho. Lakini kichwa kinaona. Kitanzi kinadondoka hapa, kingine pale, halafu siku moja kichwa kinagonga kisigino kilichosimama na kinakwama katikati ya mgongo wa sweta.

Na sponji inachoka hata kama mashine imekaa kabatini. Hili watu hawaliamini. Dada mmoja alinunua mashine ambayo mwenyewe wa kwanza hakuwahi kuifumia, karatasi za kiwandani bado zimo ndani ya boksi. Alipokuja alikuwa na hasira, anadai kauziwa mbovu. Nilivuta ufito mbele yake, sponji ikatoka kama ugali wa juzi, inanata vidoleni, rangi ya kahawia. Mashine ilikuwa safi kabisa. Sponji ndiyo ilikuwa imezeeka peke yake gizani.

Kuipima unaweza mwenyewe, bila kunilipa. Rudisha sindano zote nyuma kabisa, kisha sukuma ufito kutoka upande mmoja mpaka uchomoze upande wa pili, uvute taratibu. Sponji isiyochoka inasimama juu ya kingo za chuma, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Ikiwa imelingana na kingo au imezama chini yake, imekwisha, hata kama mashine bado inafuma. Kurudisha ufito, sponji iangalie chini, na uzibonyeze sindano kwa rula mbele ya ufito unapoingia, kidogo kidogo. Usiulazimishe.

Sasa tuje kwenye sponji ya godoro. Nimeikuta kwenye mashine kumi na kitu, na kila aliyeiweka anasema jambo moja: "Fundi, ilifanya kazi wiki mbili." Ni kweli, inafanya. Tatizo ni unene. Mtu akikata nene, inazikandamiza sindano mno, kichwa kinakuwa kizito. Akikata nyembamba, amerudi palepale alipokuwa. Tena sponji ya godoro ni laini, haina utepe juu yake, kwa hiyo sindano zinaichimba zinapokwenda mbele na nyuma, na unga wake unaingia kwenye mifereji ya kitanda na kuchanganyika na mafuta.

Mama mmoja wa Makambako alikuwa na oda ya masweta ya shule mwezi wa kumi na mbili, shule zinafungua Januari, mnajua hali inavyokuwa. Aliweka sponji nene. Kichwa kikawa kizito, akaongeza mafuta. Kikazidi kuwa kizito, akamwita mwanawe mkubwa amsaidie kusukuma. Kijana akasukuma kwa mikono miwili kama anasukuma gari iliyonasa kwenye tope. Walipoileta kwangu nilihesabu sindano 31 zilizopinda, na ndani ya kichwa kipande kimoja cha kuongozea sindano kilikuwa kimevunjika. Sindano ninazo. Kile kipande sikuwa nacho, na hakuna anayekitengeneza tena. Ilibidi tusubiri mpaka nikapata kichwa kizima kutoka kwenye mashine iliyokufa. Oda alimpa mwenzake, faida wakagawana. Kwa sponji ambayo kama angeileta Novemba ingemchukua siku mbili.

Jambo jingine linaloniumiza ni mafuta. Huku kwetu kila nyumba ina alizeti, na mtu akiona kichwa kinakwaruza anachukua chupa ya jikoni. Wiki ya kwanza kinateleza vizuri sana. Kisha mafuta ya alizeti yanaanza kukauka juu ya chuma, yanageuka gundi, baadaye yanakuwa magumu kama ile rangi ya njano inayoganda pembeni mwa kikaango cha chapati. Mwaka huo huo vile vipande vidogo ndani ya kichwa, vinavyotakiwa kurudi vyenyewe kwa springi, vinaganda mahali vilipo. Unabonyeza kitufe cha mchoro, hakuna kinachotokea. Kukisafisha kichwa cha namna hiyo kunanila siku nzima kwa mswaki na spiriti, kipande kwa kipande, na siwezi kutumia petroli wala thina kwa sababu zinaharibu plastiki. Tafadhali, mafuta ya cherehani peke yake. Matone machache kwenye kitambaa, pangusa reli na visigino, basi. Vaselini hapana, grisi hapana, oili chafu ya pikipiki ndiyo kabisa hapana.

Kichwa kikikwama, mikono juu. Nawaambia wanafunzi wangu wote hivyo. Legeza skrubu za bamba la mbele lenye brashi, litoe. Achilia vitanzi vilivyojisokota. Kama kichwa chako kina swichi ya kukiachilia kutoka kwenye reli, itumie, na kama hakina, rudisha sindano zilizokwama moja moja kwa kidole mpaka kipite. Kipande cha sweta kilichofumuka unakirudia jioni moja. Nimewahi kuletewa mashine iliyogongwa kwa mpini wa jembe. Mwenyewe alilia pale kwenye benchi langu, na sikuwa na la kumwambia, maana mifereji ya kitanda ikishapinda mimi siwezi kuinyoosha ikawa kama kiwandani.

Wenye mashine za umeme, zile za Brother KH-930, KH-940 na ndugu zake, angalieni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Mashine iliyotoka Marekani au Japani inataka volti 110 au 100. Ukuta wetu unatoa 230. Ukichomeka moja kwa moja unasikia harufu, na habari imekwisha. Transforma ya kushusha umeme ni pesa ndogo ukilinganisha na bodi ya umeme iliyo ndani ya mashine. Iliyotoka Uingereza haina shida hiyo.

Wengi wananipigia simu kuuliza msaada kabla ya kusafirisha mashine, na hilo nalipenda, silitozi. Ila "inaharibu" hainisaidii. Nitumie picha ya kitambaa chenyewe. Vitanzi vikidondoka kwenye mstari mmoja wa wima, sehemu ileile kila safari, hiyo ni sindano moja. Ule ulimi mdogo unaofunga mdomo wake umepinda au umeshikwa na vumbi la uzi. Hamisha sindano hiyo pembeni kabisa mwa kitanda, ambako kazi yako haifiki, ile ya pembeni ilete katikati, uendelee na kazi. Vikidondoka pembezoni tu, vizito vyako vimeachwa chini sana. Vipandishe kila baada ya safu ishirini hivi. Vitanzi vikiganda kwenye meno ya mbele ya kitanda na kurundikana, pindua bamba la kichwa uangalie brashi na magurudumu ya mpira. Mara nyingi utakuta uzi wa sweta ya mwaka juzi umejiviringisha humo mpaka brashi hazizunguki. Uvute kwa kibanio, umepona. Na vikidondoka ovyo, leo hapa kesho kule, kitanda kizima, basi tumerudi kwenye sponji.

Uzi nao una mambo yake. Uzi wa dukani unaofaa kufumwa kwa mikono, ule mnene, hauingii kwenye mashine ya sindano 200, ambayo nafasi kati ya sindano na sindano ni milimita 4.5. Utaukaza humo na ndimi za sindano zitapinda moja baada ya nyingine. Ukiupenda sana, tumia sindano moja uruke moja, na namba ya mkazo iwe juu. Wenye mashine ya milimita 9 hawana shida na uzi huo. Uzi wowote uzungushe upya kabla ya kufuma, na ukiukuta unakwaruza upitishe kwenye kipande cha mshumaa. Kikundi kimoja cha akina mama kilinunua mashine tatu kwa mkopo wa halmashauri, wakaniita niende kwa sababu zote tatu zilikuwa "mbovu". Nilipanda basi asubuhi. Mashine zilikuwa nzima. Walikuwa wanafuma moja kwa moja kutoka kwenye bunda la uzi lililokuwa sakafuni, linavuta, linaachia, linavuta. Nilikaa nao siku mbili tukizungusha uzi na kufuma vipande vya majaribio, na sikubadilisha hata sindano moja. Niliwatoza nauli na siku zangu mbili, nao walilipa bila neno.

Turudi kwenye elfu tisini. Mteja yule aliyenisema, hesabu yake ilikuwa hivi: sponji yenye utepe, ya unene unaotakiwa, ninayoagiza kutoka nje, elfu thelathini. Sindano saba mpya, elfu tatu kila moja, elfu ishirini na moja. Zilizobaki, elfu thelathini na tisa, ni kazi ya siku mbili. Kazi gani? Nazitoa sindano zote 200 kitandani. Nazilaza usiku kucha kwenye spiriti. Asubuhi nazifuta moja moja, nafungua na kufunga kila ulimi, kisha nazibingirisha juu ya kioo. Iliyopinda haibingiriki sawa, inaruka, na hiyo haiwezi kurudi kwako. Napitisha brashi kwenye mifereji yote, mia mbili pia. Nafungua kichwa, nasafisha, natia mafuta. Mwisho nafuma kipande cha safu mia moja kwa uzi wako mwenyewe, nakipitisha kwenye mwanga wa dirisha natafuta tundu. Nikiliona, naanza upya kutafuta sababu, na muda huo wa pili sikutozi.

Wapo wanaobadilisha sponji kwa nusu saa na elfu kumi na tano, na wamo watu waaminifu miongoni mwao. Lakini kuweka sponji mpya juu ya sindano saba zilizopinda ni kumrudisha mteja barabarani na tatizo lake, na wengi wa wateja hao wanaishia mlangoni kwangu Desemba, wakati nina mashine za watu tisa sakafuni.

Kwa wanaotaka kuwahi Januari, napokea mpaka mwisho wa Oktoba bila foleni. Ukituma kwa basi, funga kichwa peke yake kwenye kitambaa, usikiache kinatembea juu ya kitanda, na weka ndani kipande kibovu ulichofuma pamoja na uzi uliotumia. Siku ya kuchukua utakuta mfuko mdogo wa nailoni pembeni ya mashine. Ndani yake kuna sponji yako ya zamani na kila sindano niliyoitoa. Zihesabu mbele yangu kabla hujalipa.