Kuhusu hizo pesa unazotaka kuweka kwenye bondi

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Mamako hajambo, nilimpitia Ijumaa, mguu waendelea vizuri na dawa anakunywa. Ile voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho. Waniuliza kama akiba yako ya huko Doha uiweke kwenye bondi za serikali yetu ya Kenya, yaani uikopeshe serikali kwa riba, ama ununue ploti, na kama serikali yenye madeni kiasi hiki italipa kweli.

Mimi naona bondi za shilingi watalipa, manake Katiba yenyewe kifungu cha 214 inasema deni la taifa linachotwa moja kwa moja kwenye mfuko mkuu, halingoji wizara zigawane kwanza, na ikikosekana hata wiki moja basi benki zote hapa zatikisika. Kwa hivo wewe utalipwa. Tatizo ni sisi tulio nyuma yako kwenye foleni.

Wajua kazi yangu ni hesabu za shule. Serikali imeahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, hiyo ni ya kwenye karatasi, zenyewe zinakuja vipande vipande, zimechelewa na zimepungua, na karo hatuwezi kupandisha tukijisikia. Kuna mzee anatuletea maharagwe na bado anatudai, mtu mzima wa heshima zake, anakuja anakaa kwenye benchi nje ya ofisi, risiti za mzigo amezikunja ndani ya karatasi ya nailoni, hasemi neno mpaka nimwite, na mimi namwita nikijua sina cha kumwambia. Naye amekopa huko sokoni kwa riba. Wallahi inaniuma, manake huyu mzee ameikopesha serikali bila hata kujua, tena yeye hana riba anayopata, tofauti na wewe ukinunua bondi.

Sasa hiyo riba ndio nataka uielewe. Watu wakisikia deni wanataja reli ya Wachina, na ni kweli ile reli ya Mombasa mpaka Nairobi pesa nyingi zilitoka Exim Bank ya China na mkopo ulikuwa wa dola, lakini kufika Juni 2025 deni lote lilikuwa limepita shilingi trilioni 11 na zaidi ya nusu ni la hapa hapa ndani, benki, mifuko ya pensheni, bima na watu binafsi kama utakavyokuwa wewe. Na la ndani ndilo limetugharimu zaidi. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu kwa asilimia 18.46, bila kodi! Mwezi huo huo ikatafuta dola bilioni 1.5 nje kwa asilimia 9.75, ipate kulipia Eurobond ya 2014, yaani bondi iliyouzwa nje kwa dola, iliyokuwa inaiva Juni, na ile ya zamani riba yake ilikuwa 6.875. Yaani deni la bei nafuu likalipwa kwa deni la bei ghali. Ni kweli shilingi ilipata nafuu, dola ilikuwa imefika 160 mwezi wa Januari ikateremka hadi kama 130, hilo siwanyimi haki yao. Lakini hilo deni la dola lenyewe halikupungua, lilisukumwa mbele tu likiwa zito zaidi.

Halafu ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Walitaka shilingi bilioni 346 zaidi za kodi, na mwanzo VAT ya asilimia 16 ilikuwa imewekwa mpaka kwenye mkate, vijana wakatoka, tarehe 25 Juni watu wakauawa mchana kweupe, kesho yake Rais akakataa kutia sahihi. Mimi nilikuwa upande wa wale vijana na bado niko, huwezi kumkamua mtu ambaye mwaka mmoja nyuma ulimpandishia VAT ya mafuta kutoka 8 hadi 16 na ukamkata asilimia 1.5 ya mpango wa nyumba za serikali kwenye mshahara. Lakini lile pengo halikuondoka na mswada. Rais alisema watakata bilioni 177 na zilizobaki 169 watakopa. Ukiuliza zimekatwa wapi, safari na magari makubwa bado tunayaona barabarani, mimi nimeona zilivyokatwa huku shuleni.

Ninachotaka mimi ni walipe kwanza madeni ya saplaya kabla ya kuanzisha mradi mwingine wowote, na waache hizi bajeti za nyongeza kila mwaka, manake bajeti yasomwa Juni kwa mbwembwe ikifika katikati ya mwaka imekuwa nyingine kabisa. Wakipunguza pengo ndio watapunguza kukopa, kila mwaka wakitumia kuliko wanachokusanya deni litapungua vipi?

Tukirudi kwako. Zile riba za 18 sahau, zimeshuka sana, bili ya siku 91, ule mkopo wa muda mfupi wa serikali, ilikuwa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, kufika mwisho wa 2025 ishakuwa kama 8, na kwa nchi hiyo ni habari njema hata kama wewe itakupunguzia. Ukiweza ngoja bondi ya miundombinu kwa sababu haikatwi kodi, kiwango cha chini laki moja. Usiweke zote, zilizobaki uwe nazo karibu, mamako atahitaji kurudi kliniki. Kufungua akaunti ni kwa DhowCSD, ile app ya Benki Kuu ya kununulia bondi, unajaza kwa simu, ila hakikisha jina lako kwenye kitambulisho na kwenye benki yanalingana. Ploti usinunue kwa picha, ningoje nikaione mimi.

Mamako anauliza utakuja Ramadhani ama Idd, nijibu nimwambie.

Mwenzako wa Kilifi