Vikombe na gramu za pasta kavu

Rehema mpenzi,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Najua unataka namba moja ya kugeuza gramu kuwa vikombe umalize kazi. Kwa pasta namba hiyo haipo. Kikombe hupima nafasi, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni hewa. Umbo la pasta ndilo linaloamua hewa iwe kiasi gani.

Kwa kikombe cha kupimia cha Kimarekani, kama mililita 240, makaroni madogo yaliyopinda hupata gramu 110 hadi 120. Penne, zile za mirija mifupi, ni 85 hadi 95. Fusilli, zilizojisokota, na zile za umbo la kipepeo huishia 70 hadi 80 kwa sababu vipande vyake huzuiana. Orzo, zinazofanana na punje za mchele, hufika 170 na kuendelea. Sasa tuseme resipi inataka vikombe 3 vya makaroni, yaani karibu gramu 345, nawe una fusilli. Ukipima vikombe 3 utapata kama gramu 225. Theluthi nzima imepungua, na mchuzi utazidi pasta.

Hayo ni makadirio. Ukitaka uhakika, weka kikombe kitupu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, mimina pasta bila kushindilia wala kugongagonga kikombe, kisha isawazishe juu kwa kiganja. Fanya hivyo mara tatu uchukue wastani: penne zikilala upande mmoja hubanana, zikikaa ovyo huacha mapengo, kwa hiyo tofauti ya gramu 10 isikushangaze. Vile vipande vilivyovunjika chini ya pakiti usivipimie, vinajaza mapengo na kukudanganya. Namba utakayopata iandike kwenye kopo unalohifadhia pasta.

Baada ya hapo ni hesabu nyepesi: ukiwa na gramu, gawanya kwa namba hiyo; ukiwa na vikombe, zidisha. Gramu 350 za penne kwa 90 ni vikombe 3.9. Weka 4, hakuna atakayelalamika.

Kama huna mizani, pakiti yenyewe imeshaandikwa uzito. Hamisha gramu 500 zote kwa kikombe huku ukihesabu; vikitoka vikombe 5 na nusu, kila kimoja ni gramu 91. Njia hii naiamini kuliko jedwali lolote, maana inapima pasta yako kwa kikombe chako, hata kiwe cha chai.

Tambi ndefu usizivunje ili ziingie kikombeni. Shika fungu lililobana lenye kipenyo cha sentimita 2. Hilo ni karibu gramu 90, za mtu mmoja.

Kinachowaponza wengi ni resipi isiyosema kama pasta ni kavu au imeshachemshwa. Gramu 100 kavu zikiiva huwa 200 hadi 240, na kikombe kimoja hutoa karibu viwili. Hapo tazama idadi ya walaji. Mtu mmoja hutosheka na gramu 80 hadi 100 kavu. Ukiona vikombe 6 vya penne kwa watu 3, vikiwa vikavu ni gramu 540, yaani 180 kwa kila mtu, haiwezekani. Ni vya pasta iliyoiva: chemsha vikombe 3.

Ndimi rafiki yako,
Zuhura