Malka zikizibwa, mfugaji wa Delta ya Tana hufilisika ng'ombe akiwa hai

Mhariri,

Kila ukame ukiisha tunasomewa hesabu ya mizoga. Katika ule wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, tuliambiwa Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.6. Sibishani na hesabu hiyo. Ila sisi wa Delta ya Tana huumia mapema zaidi, ng'ombe angali anatembea, na hasara hiyo hakuna anayeiandika.

Oktoba 2022 nilipeleka fahali mnadani Garsen. Miezi michache nyuma dalali alikuwa amenipa shilingi 40,000, nikakataa kwa tamaa. Siku hiyo alimshika nundu, ikalala upande kama mfuko mtupu, akasema 11,000. Nikapokea. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200 mwaka huo, na deni la dukani lilikuwa linanisubiri.

Nyasi kidogo zilikuwapo. Kilichommaliza fahali yule ni njia ya maji. Malka, kwa asiyejua, ni upenyo wa kuteremshia mifugo mtoni. Yetu ilizibwa na mashamba, tukawa tunazunguka hadi nyingine, nusu siku kwenda tu. Kiangazi kikikaza, malka hiyo moja hungojewa pia na mifugo kutoka Garissa na Lamu. Ng'ombe anayekunywa leo, akakosa kesho na kesho kutwa, huku anatembezwa hivyo, nundu huishia njiani. Maziwa ndiyo hukatika kwanza, nayo ni pesa ya akina mama: sukari, sabuni, daftari la mtoto. Na ndama mmoja akipenya kwenye migomba ya mtu, unalipa fidia.

Siwalaumu majirani zetu Wapokomo. Zamani mto ulifurika kwa msimu, ukaacha tope mbali na kingo, nao wakapanda mpunga huko. Tangu mabwawa ya umeme yajengwe kule juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, Masinga 1981 hadi Kiambere 1988, mafuriko yale ya kawaida yamepungua. (Yanayokuja siku hizi, kama ya 2023 na 2024, huzoa boma na shamba pamoja.) Mkulima amefuata unyevu hadi ukingoni, papo hapo ng'ombe wangu anapotaka kunywa. Kule Ozi, karibu na Kipini, mto ukipungua nguvu bahari hupanda, chumvi ikaua miembe na maji yasinyweke. Stima inawaka mijini. Bili nyingine tunalipa mimi na Mpokomo. Mwaka 2012 tuliuana kwa ajili ya maji na ardhi hii, tukazika watu zaidi ya 100.

Serikali nayo huamka ng'ombe wakiwa wameshaanguka. Hapo ndipo hutumwa lori la kununua mifugo dhaifu, na boza la maji kwa watu wanaoishi hatua chache kutoka mto mrefu kuliko yote Kenya! Lori lilipofika kwetu, wangu watatu walibebwa mzobemzobe kupakiwa. Lingekuja miezi mitatu kabla, wangepanda wenyewe na ningelipwa bei ya ng'ombe, si ya ngozi.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta upo tangu 2015. Ninaomba kaunti ipime malka, iweke mawe ya mipaka mbele ya wazee wa pande zote mbili, na mkulima atakayeondolewa alipwe shamba lake kwanza, kabla hajang'oa hata mgomba mmoja. Ifanyike sasa, kabla ya kiangazi kingine. Malka yetu zamani ilipitisha ng'ombe ishirini sambamba. Wiki jana nimeikuta imebaki upana wa pikipiki.

Mfugaji,
Garsen, Tana River