Risala ya Wanachuo wa Elimu ya Viungo na Michezo kwa Mgeni Rasmi: Kazi ya Kocha Eddie Robinson

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, ndugu wahitimu, mabibi na mabwana,

Sisi wanachuo tunaosomea ualimu wa elimu ya viungo na michezo tunakushukuru kwa kukubali kuacha shughuli zako nyingi na kuungana nasi katika mahafali haya. Historia ya chuo, mafanikio yake na upungufu wake umekwisha kuelezwa katika taarifa ya Mkuu wa Chuo, nasi hatutayarudia. Tumeomba ridhaa tuitumie nafasi hii kuzungumzia kazi ya kocha mmoja tuliyemsoma mwaka huu, kwa kuwa ombi tutakaloliweka mbele yako linatokana na maisha yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Eddie Robinson alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Jackson, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana naye mazao, na mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Baada ya kumaliza masomo katika Chuo cha Leland alijikuta kibarua kwenye kinu cha kusaga chakula cha mifugo mjini Baton Rouge, hadi mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 22, alipoajiriwa na chuo kidogo cha Weusi kilichopo Grambling, ambacho leo ni chuo kikuu, kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Mchezo aliofundisha si soka tunalolicheza hapa, bali ni futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake una ncha mbili na hubebwa mikononi. Hata hivyo, mambo yaliyomkabili kazini hayahitaji kufafanuliwa kwa yeyote aliyewahi kukabidhiwa timu ya shule.

Alikata majani ya uwanja, aliwafunga wachezaji bandeji za vifundo vya miguu, aliendesha basi la timu, na mechi ilipokwisha aliketi kuandika habari zake na kuzipeleka magazetini, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kufanya hayo. Safarini timu ilibeba mikate kutoka chuoni, maana ubaguzi wa rangi uliwafungia Weusi milango ya migahawa njiani. Wakufunzi wetu, wanaojua ni nani anayechora mistari ya uwanja kwa chokaa asubuhi ya mechi, walitabasamu tulipowasomea sehemu hii.

Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 3 na kupoteza 5. Hapa ndipo tunapoomba utusikilize kwa makini zaidi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa sababu kwa matokeo kama hayo kocha wa chuo angeweza kurudishwa darasani kimyakimya na timu akakabidhiwa mwingine. Rais wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, ambaye mwenyewe alifundisha timu ya besiboli, hakufanya hivyo. Mwaka 1942 timu ileile ilishinda mechi zote 9 bila kufungwa hata pointi moja. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vikasimamisha mchezo huo chuoni mwaka 1943 na 1944, naye akaenda kufundisha timu ya sekondari ya palepale Grambling, kisha akarejea. Jones aliendelea kuwa rais wa chuo hadi mwaka 1977, na kwa miaka yote hiyo kocha wake alikuwa yuleyule.

Matunda ya uvumilivu huo yalichukua muda kuonekana. Mwaka 1949 mchezaji wake Paul Younger, aliyejulikana kwa jina la Tank, aliingia timu ya Los Angeles Rams na kuwa wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kucheza katika ligi kuu ya kulipwa, NFL. Baada yake walifuata wengine, jumla yao zaidi ya 200 katika ligi za kulipwa. Januari 1988 Doug Williams, aliyelelewa na Robinson chuoni, aliiongoza timu ya Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 katika Super Bowl, yaani fainali ya NFL, akiwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa kwanza Mweusi kuanza na kushinda fainali hiyo, wakati kwa miaka mingi ilisemwa waziwazi kwamba Mweusi hana akili ya kuongoza mashambulizi. Sisi tunaiona siku hiyo kuwa kubwa kuliko Oktoba 1985, Robinson alipopata ushindi wa 324 na kumpita Bear Bryant, kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama aliyeshikilia rekodi ya ushindi mwingi zaidi, ingawa magazeti yaliandika zaidi juu ya rekodi.

Asubuhi alipita mabwenini akipiga kengele ya ng'ombe ili wachezaji waamke kwenda darasani, na aliwafundisha hata namna ya kuvaa na kuketi mezani mbele ya wageni, kwa kuwa alijua wengi wao hawataishi kwa mpira.

Hatuwezi kukueleza upande mmoja tu. Misimu yake ya mwisho ilikuwa mibaya, sauti za kumtaka aondoke zikaongezeka, naye akapewa msimu wa 1997 uwe wa kuaga. Aliondoka na ushindi 408, vipigo 165 na sare 15, na nafasi yake akaichukua Doug Williams yuleyule. Idadi hiyo ya ushindi ilipitwa mwaka 2003 na John Gagliardi wa chuo cha Saint John's huko Minnesota, kocha mwingine aliyedumu chuo kimoja kwa miongo mingi. Robinson alifariki dunia mwezi Aprili 2007.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wahitimu unaowaona mbele yako watapangiwa shule, na wengi watakabidhiwa timu za UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, juu ya vipindi vyao vyote vya darasani. Tunaomba utusemee kwa wenye mamlaka ili kazi ya kufundisha timu ihesabiwe katika mzigo wa vipindi vya mwalimu, na ili mwalimu wa michezo aachiwe timu yake kwa misimu kadhaa kabla ya kupimwa kwa matokeo. Kwa chuo chetu, tunaomba nafasi ya kocha wa timu iwe na barua ya uteuzi yenye muda unaojulikana, kwani kwa sasa hubadilishwa kila timu inapotolewa mashindanoni.

Tunakutakia afya njema na safari salama ya kurejea.

Tunaomba kuwasilisha.